Kibali cha Kukata Mwarobaini

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua. Mwarobaini unaondoka!

Ni mti wangu, uko uani kwangu, na majani yake ndiyo yanayoziba mifereji ya bati langu. Hayo ni maneno ya kuwaambia watu. Sababu yenyewe naiandika hapa, ambapo hakuna anayesoma. Binti yangu alisema mti ule ukiwa umesimama hatawaleta watoto kwangu. Miaka mitatu iliyopita tawi lilianguka hatua mbili kutoka alipokaa mjukuu wangu. Mtoto mwenyewe alicheka. Mama yake akafunga mizigo jioni ileile. Tangu hapo ni simu, tena fupi.

Asubuhi nimekwenda ofisi ya manispaa na shoka mkononi, ili waone sina mchezo. Mlinzi akaninyang'anya shoka mlangoni. Dirisha la tatu nikamkuta Bwana Miti, mtu mwembamba mwenye penseli sikioni. Akanieleza sheria taratibu, mara mbili. Mti unapimwa mzunguko wake kwenye kimo cha mita moja na thelathini kutoka ardhini. Ukiwa chini ya mita mbili, mwenye nyumba anakata atakavyo. Ukizidi, ni fomu, majirani na kamati.

Nikamwambia mimi ni fundi cherehani, nimepima vifua vya watu miaka thelathini na minane, mti hautanishinda. Akasema atakuja Jumatatu ijayo kupima mwenyewe. Nimefika nyumbani ndipo nikakumbuka shoka.

Jumanne, 4 Machi

Nimepima. Futi yangu ya kushonea inaishia sentimita mia na hamsini, na katika maisha yangu yote ya ufundi hakuna mteja aliyeimaliza, hata yule mwenye bucha. Mti umeimaliza. Nikatia alama ya chaki, nikaendelea. Mita mbili na sentimita kumi na mbili! Nikapima tena nikivuta. Kumi na moja. Mti hauwezi kuambiwa utoe pumzi.

Nikiwa nimeukumbatia hivyo, shavu kwenye gome, Mkunga akanichungulia juu ya ua. Mkunga ni jirani yangu, mstaafu, amezalisha nusu ya mtaa huu. Yeye na marehemu mke wangu walikuwa chanda na pete, ndiyo maana ananiita shemeji. Kila siku saa nane mchana anaweka kiti chake upande wake wa ua, palepale kivuli cha mti wangu kinapoangukia, anakaa humo mpaka jioni. Kivuli changu! Hajawahi kuomba ruhusa. Akaniuliza kama niko salama. Nikamwambia nampima mteja. Akauliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula. Sikuwa nimekula, lakini hayo hayamhusu.

Halafu hodi hodi za kila siku. Leo watatu wamekuja kuomba majani ya kuchemsha: muuza mkate, fundi baiskeli, na mama mmoja mwenye mtoto wa vipele. Wanachuma dakika moja, wanakaa saa nzima. Fundi baiskeli amenisimulia kisa cha mkwe wake tangu mwanzo mpaka mwisho, na kumbe mwisho wenyewe bado. Mti ukiondoka nitapumzika.

Jumatano, 5 Machi

Wazo! Limenijia nikikunja upindo wa suruali ya mteja. Suruali ikiwa ndefu hukati miguu ya mtu, unapandisha upindo. Sheria inasema mita moja na thelathini kutoka ardhini. Haisemi ardhi ipi. Nikiipandisha ardhi, kipimo nacho kinapanda, na huko juu kila mti ni mwembamba. Kila mtu anajua. Akili ni nywele, na zangu, ingawa zimebaki chache, bado zina kazi.

Mwisho wa barabara wanachimba mtaro, udongo umerundikwa bure. Toroli nimeazima kwa fundi baiskeli, baada ya kusikiliza tena habari za mkwe. Leo safari kumi na moja. Mgongo unalia.

Jumamosi, 8 Machi

Safari sabini na mbili! Kuna kilima uani kwangu kinachonifika magotini, na mwarobaini umesimama katikati yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nimeinama mpaka kunyooka imekuwa shughuli.

Mkunga akauliza kilima cha nini. Bustani ya maua, nikamjibu. Uongo mfupi, safi. Basi baada ya nusu saa akanipitishia juu ya ua beseni la miche ya maua, kumi na minane, na mbolea kwenye kopo. Akasema marehemu angefurahi kuona nimeanza kupenda maua. Nikaipanda yote.

Jioni nimemaliza kaptula ya mjukuu. Sina vipimo vyake vipya, kwa hiyo kila mwaka naongeza vidole viwili kiunoni na vitatu miguuni. Hii ni ya tatu. Zote nimezikunja kabatini, akija atazikuta.

Jumatatu, 10 Machi

Aibu! Bwana Miti amekuja saa tatu kamili, na shoka langu limefungwa kwenye gazeti. Akapanda kilima. Akasifu maua. Akapima. Akatoa penseli sikioni, akaitazama, akapima tena.

Nilikuwa sijatazama juu. Pale kipimo kilipopanda ndipo matawi mawili makubwa yanapoanza kuachana, na shina limevimba. Mita mbili na sentimita arobaini na sita! Bwana Miti akaniambia kwa upole kwamba mti uliozidi mita mbili na arobaini unaingia daraja la miti mikuu ya mji, na akanipa hongera. Sasa ni tangazo la siku kumi kwenye shina, lionekane kutoka barabarani, na mwenye pingamizi aandike barua. Kisha kamati. Asipoandika mtu, kibali kinatoka bila shida.

Nikamuuliza kama hawezi kupima chini kidogo, tusahau haya. Akasema ardhi ndiyo hiyo niliyonayo.

Jumanne, 11 Machi

Tangazo nimelipigilia misumari mwenyewe, upande wa barabarani, kama sheria inavyotaka. Kisha nimefunga kamba ya kuanikia mbele yake na kutandaza shuka langu la bluu, lile pana. Sheria haisemi mtu asianike nguo. Likikauka nalilowesha. Mpita njia anaona shuka, basi.

Fomu nayo nimejaza. Kwenye sababu nimeandika mizizi, mifereji, na usumbufu wa wageni. Nikaambatanisha orodha: watu kumi na wanne kwa wiki moja, kazi zao, na dakika walizokaa. Fundi baiskeli ana mistari miwili peke yake.

Ijumaa, 14 Machi

Nilikwenda dukani kununua nyuzi. Mvua ikanikuta hukohuko. Narudi mbio, nakuta kamba tupu! Shuka langu limekunjwa pembe kwa pembe, liko juu ya kiti kibarazani. Mkunga. Kaona mvua, kaingia uani kwangu, kaanua. Nani alimtuma? Siku hizi mtu hawezi kuachiwa shuka lake lilowe kwa amani.

Na kwa kuwa kaanua, kasoma. Mvua ilipokatika nikamwona kibarazani kwake, miwani usoni, kalamu mkononi, ameinamia meza. Hakuniuliza kama nimekula. Nilikuwa nimeshaandaa jibu.

Jumapili, 16 Machi

Chini kabisa ya fomu kuna mstari mdogo: mti mgonjwa haujadiliwi, unakatwa. Basi na uugue! Nimekoroga unga, majivu na majani ya chai, nikaupaka shina madoadoa. Kwa mbali ulionekana mahututi. Nusura niuonee huruma.

Haikupita nusu saa. Kuku wa mtaa mzima! Sikujua mtaa huu una kuku wengi kiasi hiki. Wamelidonoa shina mpaka likang'aa kuliko mwanzo, kisha wakashukia maua. Miche kumi na minane, hakuna uliobaki. Jogoo mmoja akasimama juu ya kilima akawika, saa tano mchana.

Mkunga aliona kila kitu kutoka kibarazani kwake. Hakucheka. Ningependa angecheka.

Alhamisi, 20 Machi

Karani wa manispaa ameniletea nakala. Pingamizi moja. Kurasa mbili, mwandiko wa mtu aliyejaza kadi za kliniki maisha yake yote, kila herufi imesimama wima. Amesema kivuli kile anakikalia miaka ishirini. Amesema mtaa mzima unachuma majani hapo. Hayo nilitarajia. Lakini mwisho wa ukurasa wa pili! Naandika kama alivyoandika: "Mwombaji ni mtu mpweke. Mti huo ndio unaomletea watu."

Mpweke! Mimi! Na kwenye fomu yangu nimeorodhesha watu kumi na wanne!

Nimekasirika mpaka nimeshona mkono wa shati shingoni. Nimefumua. Sijala.

Jumatatu, 24 Machi

Kamati imekuja. Watu watatu: Mwenyekiti, ambaye ni mama mnene mwenye sauti ndogo, kisha Bwana Miti na karani. Nimewatolea viti vyangu vyote, vikapungua, nikaazima viwili kwa Mkunga, maana hata ugomvi una adabu zake. Muuza mkate na fundi baiskeli nao walikuja kuchuma majani wakaamua kubaki. Sijaona watu wengi hivi uani kwangu tangu msiba wa mke wangu. Nilijikuta natafuta birika.

Nikaanza na mizizi. Bwana Miti akasema mizizi iko mbali na msingi. Mifereji. Mwenyekiti akauliza kama sina ngazi. Usumbufu wa wageni. Mwenyekiti akaisoma ile orodha kwa sauti, wao wenyewe wamekaa pale! Fundi baiskeli akalalamika kwamba siku ile hakukaa dakika tisini, alikaa arobaini tu, na kama ni zile tisini za siku nyingine, basi ni mimi niliyemwambia asiondoke kabla hajamaliza kisa. Watu wakacheka. Nami nikacheka, bila kukusudia.

Mwenyekiti akaifunga fomu, akaniuliza kwa ile sauti yake ndogo sababu hasa ni ipi. Nilikuwa na uongo wa akiba, mzuri, wa mchwa. Haukutoka. Ukatoka ukweli wote: binti, tawi, miaka mitatu. Nikataja na kaptula, sijui kwa nini. Karani akaacha kuandika.

Mkunga akainuka. Kila mtu akatazama zile kurasa mbili. Akazikunja mara nne. Akasema binti yangu alipozaliwa ni yeye aliyempokea, kwa mikono yake hii, siku ya mvua, bila taa. Hawezi kusimama kati ya mtoto na baba yake kwa ajili ya kivuli. Anaondoa pingamizi. Akaketi. Aliutazama mti, hakunitazama mimi.

Mwenyekiti akasema kibali kitatoka. Ila akanishauri kama mzazi mwenzake: matawi makavu ni matatu, Bwana Miti ameyahesabu, yaondolewe hayo, mti ubaki, binti aambiwe pako salama. Kazi ya asubuhi moja. Nikakataa. Binti hakusema matawi. Alisema mti! Mkunga akanung'unika kitu kuhusu sikio la kufa na dawa. Mimi nilikuwa nimeshashinda.

Walipoondoka nimerudisha viti viwili vya watu.

Alhamisi, 27 Machi

Umekatwa. Fundi wa msumeno alianza saa mbili, saa tisa kazi imekwisha. Watu walikuja na mifuko kuchukua majani ya mwisho, wakaondoka na matawi mazima. Hakuna aliyekaa. Mahali penyewe pa kukaa hapakuwepo.

Nyumba ina mwanga ajabu. Naona vumbi ambalo bila shaka limekuwa hapa muda mrefu. Nikiwa kwenye cherehani naiona barabara yote, na barabara inaniona.

Saa nane Mkunga akatoka na kiti chake, kwa mazoea. Akasimama nacho juani kidogo. Akakirudisha ndani. Nilitaka kumwambia kitu kizuri, nikamwambia kwamba sasa nguo zake zitakauka upesi. Akasema ni kweli, shemeji.

Jumapili, 30 Machi

Nimempigia binti. Sikuwa nimemwambia lolote, nilitaka iwe zawadi. Nimekaa, nimevaa shati safi, nikapiga. Nikamwambia mti umekatwa.

Akauliza, "Mti gani, Baba?"

Nikamkumbusha. Tawi, mtoto, mizigo. Akasema aa, ule. Akasema pole na kazi. Nikamuuliza basi watakuja lini. Akasema shule, kazi za mume wake, mambo mengi. Kisha akasema, unajua Baba, ule mti ndio uliokuwa na kivuli, sasa watoto watachezea wapi na jua lote hilo? Nyuma yake nikasikia mtoto akiuliza anaongea na nani. Akamwambia ni babu. Mtoto akauliza babu yupi.

Swali zuri. Wako wawili. Mtoto ana akili.

Nimekaa na simu mkononi mpaka skrini ikazimika. Niliumia, siwezi kuficha kwenye daftari langu mwenyewe. Ila nimefikiri, na nikifikiri huwa sikosi. Mtu asiyetaka kuja haulizi watoto watachezea wapi! Anayeuliza hivyo anapiga hesabu ya safari. Kinachomzuia ni kivuli. Na kivuli kinashoneka.

Jumamosi, 12 Aprili

Turubai limekamilika! Mita sita kwa nane, kila mshono mara mbili, pete thelathini na mbili za kupitishia kamba. Nguzo nne nimezisimika mwenyewe. Kivuli cha mraba, hakidondoshi jani wala tawi. Chini yake kuna joto kidogo, lakini watoto hawajali joto. Nimepanga vigoda vitatu.

Kazi imekwenda haraka kwa sababu hakuna aliyenikatiza. Siku kumi na sita sijasikia hodi! Ningejua raha hii, mti ningeuondoa zamani. Juzi nilikwenda mwenyewe kwa fundi baiskeli kumrudishia toroli na kuuliza mkwe anaendeleaje. Alikuwa na wateja.

Nimempigia binti saa nne, hakupokea. Saa saba akapokea. Akasema turubai ni wazo zuri sana, Baba, umejitahidi. Ila ile barabara ya kuingia kwenu ina vumbi, na yule mdogo vumbi linamsumbua, anakohoa wiki nzima. Ingekuwa lami, akasema, tungekuja hata kesho.

Hata kesho! Hajawahi kutaja siku ya karibu kiasi hicho. Nimeyaandika maneno hayo kwa chaki ukutani, juu ya cherehani.

Saa nane Mkunga amekuja mpaka mlangoni. Siku hizi anakaa nyuma ya nyumba yake, kwenye kivuli cha ukuta, pamoja na dada yake. Muuza mkate hupitia huko, na fundi baiskeli naye. Akasema kuna kiti kimoja kiko wazi, chai iko mezani, nisijifanye mgeni. Nikamshukuru, nikamwambia leo sina nafasi, nina wageni. Akatazama uani, akavitazama vile vigoda vitatu. Akauliza wageni wako wapi. Nikamwambia wako njiani.

Alisimama kidogo, kisha akaenda zake.

Jumatatu asubuhi nitakuwa ofisi ya barabara. Nasikia ni dirisha la saba, na fomu yao ina kurasa nne. Si kitu. Imebaki lami tu.